Siku Niliyompita Mkwe Bila Kumsalimia

Kwa miaka miwili Sumbawanga nzima ilinichukia, na mimi nilikuwa na furaha kama mtu aliyepandishwa cheo. Akina mama wauza maharage walinizomea sokoni. Watoto walinirushia magunzi. Bibi mmoja wa mtaa wa Chanji kila akiniona anahama upande wa barabara, na barabara yenyewe siku hizo ilikuwa nyembamba, kwa hiyo akihama anaishia kwenye shamba la watu. Mimi narudi zangu nyumbani, nakula ugali kwa raha. Kuchukiwa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa mpiganaji mbaya katika mieleka ya maonyesho, na mpiganaji mbaya akianza kupendwa, basi ajue njaa iko mlangoni.

Siku za kazi nilikuwa kuli. Napakia na kushusha magunia kwenye lori la tajiri mmoja wa mjini, Mwislamu mpole, mwenye duka moja na lori moja. Gunia la mahindi kwangu lilikuwa kama mto wa kulalia. Shingo yangu ilikuwa nene mpaka fundi cherehani alinishonea mashati bila kola, akasema kola yangu peke yake inatosha gauni la mtoto. Mwenzangu wa kupakia alikuwa mwembamba, mikono mirefu, maneno machache. Huyo alishafanya kazi kwenye migodi ya shaba huko Zambia, na huko ndiko alikoona watu wanalipwa kupigana mieleka. Akaniambia ukumbi unajaa, watu wanapiga kelele, wengine wanalia machozi kabisa, halafu jioni wale wapiganaji wanakunywa chai meza moja.

"Meza moja?" nikamuuliza. "Si wamevunjana mbavu?"

"Nani kakwambia wamevunjana? Kuvunjana hata mlevi anaweza. Kazi ni kumrusha mtu juu kama mganda wa ulezi, ashuke, watu wafumbe macho, halafu kesho naye aje kazini mzima."

Maneno hayo aliniambia lori letu likiwa limekwama kwenye tope, siku tatu tunasubiri kifaa cha kulivuta. Mtu akikwama siku tatu atafanya nini? Tulitandika mabua ya ulezi pembeni, akaanza kunifundisha kuanguka. Mara ya kwanza niliangukia kichwa, nikamwona marehemu babu ananiuliza habari za mashamba. Mara ya pili babu akaniuliza mbona nimerudi mapema. Mpaka siku ya tatu nilikuwa naanguka kama gunia la pamba, kwa mgongo, mikono imetandaa, na naamka nacheka.

Tukaanza Jumapili, watu wakishatoka kanisani, kwenye uwanja pale Chanji. Nguzo nne, kamba za katani, chini mabua, juu ya mabua mbao, juu ya mbao turubai la lori. Tajiri alitupa turubai kwa sharti moja: "Mpasuke nyinyi, lisipasuke lenyewe." Na chini ya zile mbao, hii ilikuwa siri ambayo hata wake za wenzangu hawakuijua, tulipanga madebe matupu ya mafuta. Mtu akibwagwa, yale madebe yananguruma kama radi imeangukia ghala. Siku ya kwanza tu mbuzi wa Chanji walikata kamba. Kiingilio kilikuwa kikombe cha maharage au yai moja. Refa alikuwa dereva wetu, mtu mnene, na ustadi wake mkubwa ulikuwa kutazama pengine. Mimi nikimfinya mwenzangu macho, refa anafunga kamba ya kiatu. Nikimkaba, refa anatazama mawingu. Watu wanapiga yowe, "Refa! Refa, geuka!" naye anageuka jambo limeshakwisha. Refa anayeona kila kitu hafai, atawamalizia watu hasira bure.

Lakini mwanzoni tulikuwa na tatizo. Katibu wa kata alituita ofisini. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na kila kitu lazima kiwe na somo ndani yake.

"Ndugu zangu," akasema, "burudani tupu hapana. Huyu mwembamba awe mkulima. Wewe mnene uwe bepari. Kupe. Mkulima amshinde kupe, wananchi waelewe."

Sisi tukasema sawa, ndugu katibu. Nikafungwa mto tumboni, tai shingoni, kofia ya pama kichwani. Niliingia uwanjani najiona mbaya kuliko ugonjwa wa mahindi. Watu wakanipigia makofi! "Kupe, cheza kidogo! Kupe, tuazime kofia!" Bibi mmoja akanipa yai, akasema mtoto huyu ananichekesha. Mwenzangu akipigwa hakuna anayemhurumia, wote wananitazama mimi na mto wangu.

"Wanakupenda," mwenzangu akaniambia baadaye, uso umemkunjamana. "Tumekwisha."

Dawa ilikuja kwa bahati mbaya. Pale mbele tuliweka benchi la wazee, maana wazee hawasimami juani. Na sisi Wafipa salamu yetu si ya kumtupia mtu kama mfupa. Ukifika walipo wazee unachuchumaa, unakutanisha viganja unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, na hata kama nyumba inaungua nyuma yao, unamaliza salamu kwanza ndipo unataja moto. Sasa Jumapili moja nilichelewa, nilikuwa nashusha mzigo. Nikaja mbio, nikapita benchi la wazee kama upepo, nikaruka kamba, nikasimama katikati.

Kimya. Nilidhani suruali imeshuka.

Mama mmoja akasema, si kwa kelele, ila wote tulimsikia: "Hajasalimia."

"Hajasalimia wazee!"

"Mtoto wa nani huyu?"

"Kwao hakuna mama?"

Magunzi yakaanza kushuka kama mvua ya mawe. Hapo hata mto hauonekani, kofia haichekeshi tena. Mwenzangu kaniingia kwapani tumekabana, anatetemeka kwa furaha, ananong'ona: "Umepata! Umepata, ndugu yangu! Usisalimie tena mpaka siku ya kufa!"

Basi tukaifanyia ufundi. Kila Jumapili naingia polepole, mikono mfukoni, napita mbele ya benchi mzee mmoja mmoja, napiga mluzi. Nikifika kwa mzee wa mwisho nasimama, namtazama, halafu napiga mwayo. Mwayo mrefu, mpaka taya zinalia. Nyuma yangu anakuja mwenzangu, anachuchumaa kwa kila mmoja, anapiga makofi, anauliza habari za mjukuu aliyekuwa anaumwa. Kabla hatujagusana akina mama wameshalowa machozi. Mieleka mizuri inaanza hapo, bwana. Watu wawe wanataka kitu mpaka kinawauma meno, na wewe uwanyime, uwanyime, halafu uwape.

Jumatatu alfajiri nazungukia nyumba za wale wazee kwa mlango wa nyuma. Nachuchumaa kwa kila mmoja, naomba radhi, nasalimia salamu ya jana na ya leo kwa pamoja. Wazee wa Chanji walijua mchezo wote, na walikuwa wanafiki wakubwa. Mmoja alinifundisha mwayo wenyewe. "Fungua mdomo zaidi," aliniambia, "jana nilikuwa sijachukia vizuri."

Sasa huko Ilemba, chini bondeni kwenye joto, tulikuwa tunashuka kupakia mpunga. Kwenye ghala la kijiji kulikuwa na binti wa mkulima mmoja, anashona midomo ya magunia. Siku ya kwanza kumwona nilibeba magunia mawili kwa mpigo ili anione. Akaniona. Suruali ilipasuka kutoka hapa mpaka kule.

"Kaka," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "magunia yamefika, suruali imebaki njiani."

Nilirudi Ilemba mara nane, mara tano kati ya hizo hapakuwa na mzigo. Mara ya nane akaniambia, "Mimi sina neno. Kazi iko kwa baba. Baba hataki ng'ombe wengi, anataka adabu. Ameshawarudisha wawili. Wa kwanza alimsalimia amesimama."

"Na wa pili?"

"Wa pili alichuchumaa vizuri kabisa. Ila alikuwa anatafuna muwa."

Nilisikia baridi, na Ilemba hakuna baridi. Nikamtuma mjomba wangu awe mshenga. Mjomba alikuwa anakaa Kipili, kule ziwani, anauza samaki wakavu, mieleka yangu hajawahi kuiona. Alijua tu kwamba napigana na watu wanakuja kutazama. Akaenda Ilemba akanisifu mpaka akapitiliza. Eti kijana huyu ana adabu hata miti anaisalimia. Yule mzee akasikiliza, akasema, "Nitakuja kumwona mwenyewe. Siku sisemi."

Haya. Jumapili moja baada ya mavuno, watu walikuwa wengi mpaka upepo wa Ufipa, ambao unaweza kumvua mtu koti lenye vifungo, ulikosa pa kupita. Katibu wa kata yupo. Tajiri yupo, analinda turubai lake. Nikatoka na kofia yangu, mikono mfukoni, mluzi mdomoni. Yowe likaanza. Nikampita mzee wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alinikonyeza. Wa tano. Wa sita. Nafika mwisho wa benchi, namwona mjomba.

Ametabasamu mpaka masikioni, ananukia Kipili nzima. Pembeni yake kuna kizee kidogo, kikavu, koti jeusi, fimbo katikati ya magoti. Mjomba akanionyesha kwa mkono wote.

"Baba mkwe, ndiye huyu sasa. Kijana wetu."

Yule mzee akanitazama. Halafu akafanya jambo lililonimaliza. Aliilaza fimbo chini taratibu, akanyoosha koti, akakaa vizuri, mikono juu ya mapaja. Alikuwa anajiandaa kupokea salamu.

Magoti yangu yakaanza kukunjika. Watu wakanyamaza, wote, maana kwa miaka miwili hawajawahi kuona magoti yale yakikunjika. Nikawaza: nikichuchumaa hapa, kesho nitakuwa kuli mwenye mto tumboni, na mwenzangu atarudi migodini. Nisipochuchumaa, nimezika ndoa yangu kwa mikono yangu. Nyuma yangu nasikia mwenzangu, hajui kitu, ananiita kwa sauti ya chini, "Pita! Pita, watakupenda!"

Naapa sikuamua mimi. Miguu ilikuwa imezoea. Ikapita yenyewe. Ingepita tu ningeshukuru, lakini huyu alikuwa mzee wa mwisho kwenye benchi, na mdomo nao ulikuwa umezoea. Ukafunguka. Nikampigia baba mkwe mwayo ambao katika maisha yangu sijapiga mwingine wa urefu ule.

Mjomba akafunika uso kwa kofia yake.

Uwanja ulipasuka. Watu walikuwa wameona nimekaribia kusalimia, wameshanisamehe nusu, halafu nikawanyang'anya! Sijawahi kusikia kelele ile tena. Wanasema Ilemba walidhani ni mvua inakuja, wakaanua mpunga.

Niliingia ulingoni machozi yananitoka. Watu wakadhani ni hasira. Tukakabana.

"Unalia nini?" mwenzangu akaniuliza kwapani.

"Yule ni mkwe."

"Yupi?"

"Mwenye fimbo. Wa mwisho."

"Uliyempigia mwayo?"

"Ndiyo."

Mimi namkaba, yeye anarusha miguu. "Umekufa," akasema.

"Najua."

"Basi tufe vizuri. Ninyanyue."

Nikamnyanyua. Nilimpandisha juu ya kichwa na hiyo mikono mirefu ikatandaa kama mbawa, nikamzungusha watu wote wamwone, nikambwaga. Madebe yakanguruma, kuku wa Chanji hawakutaga siku tatu. Akaamka anapepesuka, watu wakamwita, "Amka, mwanangu! Amka!" Nikambwaga tena. Refa anafunga kiatu. Nikavua tai, nikamzungushia shingoni, kidole changu nimekiweka katikati apumue, lakini kidole hicho anakijua yeye na mimi tu. Wananchi wanapiga yowe refa ageuke, refa anahesabu kunguru. Mwenzangu anatoa ulimi, miguu inatetemeka, mkono mmoja umenyooka kuelekea benchi la wazee kama anaaga. Mama mmoja wa maharage amelala chini, anagaragara. Katibu wa kata mwenyewe amesimama juu ya kiti, amesahau somo, anapiga kelele, "Muache! Muache, mshenzi wewe!"

Hapo ndipo yule mzee alipoinuka.

Akaokota fimbo, akapita chini ya kamba. Nani atamzuia mzee? Refa alikuwa na filimbi mdomoni tayari, alipoona mvi akaitoa, akachuchumaa palepale ulingoni, akapiga makofi: "Shikamoo, mzee." Na mwenzangu, ambaye alikuwa maiti, maiti kabisa, ulimi nje, aligonganisha viganja viwili pale chini alipolala. Hivi ndivyo tulivyolelewa.

"Marahaba, wanangu," mzee akawajibu wote wawili. Halafu akanigeukia.

"Hii ya baba yako," akasema, fimbo ikashuka. "Hii ya mama yako. Na hii yangu mimi."

Ile ya baba ilikuwa kali. Ya mama ilinifanya nione Ziwa Tanganyika lote na boti zake. Ya tatu sikuisikia, nilikuwa nimeshapiga magoti. Fimbo ile ningeweza kuikamata kwa vidole viwili, na mzee mwenyewe ningeweza kumweka mfukoni. Nikavua kofia. Nikakutanisha viganja, nikapiga makofi, taratibu, kama alivyonifundisha mama yangu.

"Shikamoo, baba."

Unasikia turubai linapigwa na upepo. Mzee akanitazama juu mpaka chini. Hakujibu. Akapita tena chini ya kamba, akashuka, akaondoka, mjomba nyuma yake anakimbia.

Hapo mwenzangu akafufuka, akanikunja, refa akapiga chini moja, mbili, tatu! Watu walivunja uzio. Walimbeba mwenzangu, wakambeba refa, wakambeba tajiri pamoja na turubai lake anapiga kelele walishushe. Katibu anapita anasema, "Limeeleweka! Somo limeeleweka!" Mimi nimelala juu ya madebe, mkulima kashinda, ujamaa umeshinda, mieleka bora kuliko yote Ufipa imekwisha, na sijaitikiwa salamu yangu.

Nikaoga. Nikavaa shati safi lisilo na kola. Jua halijashuka nikaenda nyumba aliyofikia mzee, mwenzangu akang'ang'ania kunifuata. Nilianza kuchuchumaa nikiwa bado uani. Mzee alikuwa anakunywa chai. Nikapiga makofi, akanywa. Nikapiga makofi, akamimina kikombe kingine. Viganja vilikuwa vinawaka moto alipoinua macho akamwona mwenzangu nyuma yangu.

"Huyu si amekufa?"

"Hajambo, baba," mjomba akasema haraka.

"Njoo hapa, mwanangu. Vua shati." Akamkagua mbavu, mbavu moja moja, kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Akamgeuza shingo kulia, kushoto. "Hata mchubuko hana. Wewe kuli, umembwaga mara ngapi huyu?"

"Mara saba, baba."

"Na huwa anaumia?"

"Akiumia mimi nimekosea kazi, baba."

Akamwambia mwenzangu avae shati. Mjomba alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu. "Mimi nilikupiga kwa nguvu zangu zote," mzee akasema. "Ungenishika ungenikunja kama mkeka. Mbona hukunishika?"

"Ningekushikaje, baba?"

Akaweka kikombe chini. "Binti yangu ana mwili mdogo. Tangu mjomba wako aliponieleza habari za shingo yako, silali. Nilikuwa najiuliza, mtu wa hivyo akikasirika ndani ya nyumba, itakuwaje?" Akanitazama tena, safari hii uso umelegea. "Marahaba," akasema.

Nililia. Mwenzangu akalia. Mjomba alilia kuliko sisi wote, maana alikuwa ameshaanza kutafuta njia ya kurudi Kipili bila kupita barabarani.

"Ila ule mwayo," mzee akaongeza, "una faini yake. Mbuzi mmoja juu ya mahari. Na Jumapili ijayo nakaa palepale, na fimbo yangu."

Jumapili hiyo watu walikuja kutoka kila upande kumwona mzee mwenye fimbo. Nikampita, nikampigia mwayo, akatetemeka kwa raha. Lakini tatizo la wanaoanza kazi ni haraka. Hatujapigana hata kidogo, mwenzangu ndiyo kwanza nimembwaga mara moja, namwona mzee tayari yuko chini ya kamba, fimbo juu. Mwenzangu akainua kichwa kidogo kutoka kwenye turubai.

"Baba, bado," akamnong'oneza. "Ngoja nife kwanza."

Mzee akaomba samahani, akarudi kukaa.